Wino ukisambaa, chunguza karatasi kabla ya kulaumu mkono

SWALI: Assalamu alaykum. Nimenunua kalamu ya mwanzi na chupa ya wino mweusi, najifunza kuandika Bismillahi kwa khati ya naskhi kwenye karatasi za kawaida za fotokopi. Wino unasambaa, kingo za herufi zinatoka na meno, na nikikosea siwezi kufuta bila kutoboa karatasi. Nyumbani tuna msahafu wa mkono wa babu, tunaambiwa uliandikwa Siyu, kisiwani Pate. Herufi zake zimekaa safi, na kurasa za mwanzo zina mapambo mekundu, meusi na manjano. Wale walikuwa na nini ambacho mimi sina? Na je, naweza kuyatia rangi upya mapambo yaliyofifia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Swali lako la mwisho lina jibu fupi: usiyaguse. Sababu zake nitazieleza mwishoni. Hayo mengine yana mzizi mmoja, nao ni karatasi. Wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani mkono wao ni mzito, kumbe wanaandika juu ya kitu kinachokunywa wino. Khati ya Kiislamu imekulia kwenye karatasi iliyozibwa vinyweleo na kusuguliwa mpaka ikateleza. Kalamu, wino, hata namna ya kufuta, vyote vimetengenezwa kwa ajili ya uso wa aina hiyo. Ukivihamishia kwenye karatasi ya fotokopi, vinagoma.

Fanya jaribio dogo. Chora mstari mmoja kwenye karatasi yako, kisha uutazame kwa lenzi ya kukuzia. Utaona ukingo umetoa ndevu, wino umefuata nyuzi za karatasi kushoto na kulia. Sasa chora mstari kama huo kwenye kipande cha karatasi ya kung'aa, ile wanayochapia kalenda. Ukingo utakatika kama uliopimwa kwa rula. Mkono ni uleule na kalamu ni ileile. Kwa hiyo dawa ya haraka ni hii: nenda kwa mpiga chapa yeyote, mwombe vipande vinavyobaki akikata kalenda, ufanyie mazoezi hapo. Uso wake umepakwa madini meupe laini yanayouzuia wino usizame. Kwa mazoezi inatosha kabisa, ila kwa kazi ya kudumu haifai.

Karatasi ya babu yako ilikuwa na bahati. Waandishi wa Siyu na visiwa vya jirani hawakuwa wakitengeneza karatasi, walitumia zilizoletwa na majahazi, na nyingi zilitoka Ulaya, hasa Italia. Shika ukurasa mmoja mbele ya mwanga wa dirisha bila kuukunja; huenda ukaona alama ya maji ya miezi mitatu michanga, iliyowekwa na watengenezaji wa Italia kwa ajili ya masoko ya nchi za Kiislamu. Karatasi hizo zilikuwa zimechovywa kwenye gundi ya ngozi za wanyama kabla ya kuuzwa, ndiyo maana wino umekaa juu. Waturuki na Waajemi waliifanya kazi hiyo wenyewe, kwa njia inayoitwa ahari, na unaweza kuifanya jikoni kwako.

Chukua karatasi nzuri ya pamba isiyo na asidi, au yoyote imara isiyong'aa. Ukiitaka iwe na rangi ya maziwa badala ya weupe mkali unaochosha macho, ichovye kwanza kwenye chai ya rangi iliyopoa, uianike kivulini. Kisha pika uji mwembamba: kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa ngano au wa mahindi, koroga kwanza kwa maji baridi kidogo, ongeza maji mpaka yatimie robo lita, pika moto mdogo huku ukikoroga hadi weupe wa maziwa upotee na uji uwe wa kupitisha mwanga. Uchuje kwa kitambaa. Pakaza kwa sifongo au brashi pana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, tabaka moja tu. Tabaka nene la wanga likikauka hupasuka, na wadudu wa karatasi hulipenda mno. Acha ikauke kabisa.

Tabaka la pili ndilo linaloleta mtelezo. Tenga ute wa mayai matatu, usiingie hata tone la kiini, maana mafuta ya kiini yataukataa wino. Chukua kipande cha shabu chenye ukubwa wa karanga mbili tatu, ukoroge nacho ute mpaka uvunjike na kuwa mwepesi kama maji wenye povu juu. Usiyeyushe shabu yote: kazi yake ni kuulainisha ute na kuugandisha ukikauka, lakini ina asidi, na ikizidi karatasi itakuwa ngumu na kukatika baada ya miaka. Acha usiku mmoja mahali pa baridi, engua povu, chuja. Pakaza matabaka mawili, ukiacha la kwanza likauke kabla ya la pili.

Hapa wengi huharibu. Karatasi iliyopakwa ute haitakiwi kukaa muda mrefu bila kusuguliwa. Ndani ya siku chache, wakati bado ina unyevu mdogo ndani, ilaze juu ya ubao laini, ipitishe kitambaa kilichoguswa sabuni kavu kidogo sana ili jiwe lisikwame, uisugue kwa jiwe la akiki, kokoto ya mto iliyolainika au kitako cha chupa ndogo nene ya kioo. Nenda na kurudi kwa mkandamizo ulio sawa, kisha geuza upande. Ukichelewa wiki kadhaa, ute unakuwa mkavu kama ganda na jiwe litaupasua. Ukifanya mapema ute ukiwa bado mbichi, jiwe litanata na kuubandua. Ikisha, pandanisha karatasi zako chini ya kitu kizito na uzisahau. Mabingwa wa Istanbul walipenda karatasi ya ahari ikae mwaka mzima au zaidi ili ute ukomae. Ikiwa huna subira hiyo, miezi mitatu itakupa karatasi inayotumika, ila ya mwaka itakuwa bora.

Faida ya pili ya ahari inajibu lalamiko lako la kufuta. Wino ukiwa juu ya ute haujaingia kwenye nyuzi, kwa hiyo unafutika kwa ncha ya kitambaa chenye unyevu, au unakwanguliwa kwa wembe uliolazwa. Katika khati ya kazi kubwa hili si jambo la aibu. Kila mwandishi mzuri wa thuluthi, ile khati ya herufi kubwa, hutengeneza kingo za herufi zake baada ya kuandika.

Lakini utafutika tu kama ni wino wa masizi. Chupa uliyonunua ina uwezekano mkubwa wa kuwa moja ya aina mbili: wino wa kalamu za kujaza, ambao ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji na hupenya popote, au wino wa kuchorea ulio na utomvu unaoganda, ambao ukikauka kwenye ncha ya mwanzi hautoki na kwenye karatasi haufutiki. Wino wa khati ni vitu vitatu tu: masizi, gundi ya mgunga na maji.

Masizi bora ni yale mepesi yanayopanda mbali na moto. Washa koroboi mahali penye hewa, weka sahani ya udongo au bati safi sentimita kumi hivi juu ya ulimi wa moto, kusanya kwa unyoya. Masizi ya chini ya sufuria ya kuni usiyatumie: yana lami, hutoa wino wa kahawia unaonata. Katika msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, ulioisha kujengwa mwaka 1557, msanifu wake Sinan alipanga njia za hewa ili moshi wa taa za mafuta uvutwe kwenye chumba kilicho juu ya mlango, na masizi yaliyokusanywa pale yakatengenezewa wino. Hata masizi mazuri hubaki na mafuta kidogo na kuelea juu ya maji. Wazee wa Kituruki waliyafunga kwenye karatasi, wakazungushia kinyunga cha unga na kukioka, unga ukanyonya mafuta. Njia rahisi zaidi ni kuyalowesha kwa matone ya spiriti kabla ya kuyachanganya.

Kwa kuanzia, loweka gramu 15 za gundi ya mgunga, ile ya vipande vya rangi ya asali, kwenye mililita 40 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kesho yake chuja. Weka gramu 5 za masizi kwenye kinu kidogo cha jiwe au kaure, ongeza gundi kijiko kimoja kimoja, usage. Usage kweli. Mwanzoni itakuwa kama lami, na hapo ndipo kusaga kunapofanya kazi, kwa sababu unalazimisha kila punje ya masizi ivae gundi. Ukiongeza maji mapema, masizi yatatengana na gundi na wino utatoa chembe. Wazee walihesabu kazi hii kwa siku. Wewe gawa saa nne au tano katika jioni kadhaa. Mwisho ongeza maji kidogo kidogo hadi utiririke kwenye kalamu. Andika herufi, iache ikauke, uipitishe kidole. Ukiacha weusi kidoleni, gundi haijatosha. Ukiona herufi inang'aa kama rangi ya kucha na kupasuka, gundi imezidi. Karafuu moja ndani ya chupa husaidia isiote ukungu, jambo ambalo kwenye joto la pwani si la kupuuza.

Usichovye kalamu moja kwa moja kwenye wino. Ndani ya kidau cha wino weka lika, yaani bonge la nyuzi za hariri zilizooshwa, la kiasi cha kushiba wino bila kuogelea. Kalamu inagusa hariri na kuchukua kiasi inachohitaji, na ncha haigongi kitako cha kidau. Pamba haifai, kwa kuwa nyuzi zake fupi hukwama kwenye mpasuko wa kalamu na kuburuta mkia kwenye herufi.

Sasa kalamu, maana meno kwenye kingo za herufi yanaweza pia kutoka hapo. Kalamu nyingi za mwanzi zinazouzwa tayari zimekatwa mraba. Ncha ya naskhi na thuluthi hukatwa mshazari. Kuna kipimo kisichodanganya: weka ncha yote kwenye karatasi, uivute kwa upana wake tu, utoe nukta. Ikisimama juu ya pembe yake kama almasi, mkato uko sawa. Ikilala kama tofali, kata upya. Yaqut al-Musta'simi, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1298, anakumbukwa hasa kwa mkato huu wa mshazari, ambao uliipa khati tofauti kati ya unene na wembamba.

Tafuta tete kavu, gumu, la rangi ya kahawia, nene kama kidole kidogo. Tete bichi litajikunja baada ya kukatwa. Kwa kisu chenye makali sana ondoa ubavu kwa mkato mmoja mrefu wa sentimita tatu hivi, kwangua nyama laini ya ndani mpaka ubaki na ganda gumu, chonga mabega kulia na kushoto hadi ufikie upana unaotaka: milimita moja au pungufu kwa naskhi, milimita mbili na nusu hadi tatu kwa thuluthi ya mazoezi. Pasua katikati, sentimita moja inatosha. Mwisho laza ncha juu ya kitu kigumu na ukate kwa kukandamiza mara moja tu. Mafundi walikuwa na kibao chake cha mfupa au pembe. Kipande cha plastiki ngumu kinafaa. Sikiliza: mkato mzuri hulia tak. Ukisogeza kisu mbele na nyuma kama msumeno, nyuzi za tete zinachanika, na kila uzi uliosimama utachora mstari wake kwenye ukingo wa herufi. Ndiyo meno unayoyaona.

Sababu nyingine ya meno ni meza. Ukiandika karatasi ikiwa juu ya ubao mtupu, nusu ya ncha inagusa na nusu inaelea. Weka chini yake karatasi nane hadi kumi zilizopangwa pamoja, ziwe kitanda kinachobonyea kidogo. Utashangaa tofauti yake.

Kuhusu herufi kutolingana, usinakili kwa jicho peke yake. Tangu Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, herufi zinapimwa kwa nukta ya kalamu ileile inayoandika. Panga nukta zikigusana pembe kwa pembe kwenda juu: alifu ya thuluthi husimama nukta saba, ya naskhi nne hadi tano kufuatana na shule. Ukibadilisha kalamu, nukta inakua au kupungua na herufi yote inafuata, ndiyo maana kipimo kwa milimita hakina maana. Shule ya Istanbul inayotokana na Sheikh Hamdullah (1436–1520) humwanzishia mwanafunzi dua ya Rabbi yassir wa la tu'assir, Rabbi tammim bil-khayr, kisha herufi moja moja, kisha herufi mbili mbili zilizoungana. Bismillahi huja baadaye kabisa. Kwa hiyo wewe umeanzia mahali pagumu: Bismillahi ina ule mvuto mrefu wa sini, na hapo kalamu isiyoshiba wino hukauka njiani. Tena karatasi za mazoezi zenye jina la Mwenyezi Mungu hutaweza kuzitupa jaani. Anza na herufi tupu.

Mistari iliyonyooka bila alama ya penseli ilipatikana kwa mistara. Ni kadi ngumu iliyotobolewa pembeni na kupitishwa nyuzi mahali pa kila mstari. Unalaza karatasi juu yake, unapitisha kidole kwenye kila uzi, unabaki mfinyo usio na rangi. Chungulia ukurasa mtupu wa msahafu wa babu kwa mwanga wa ubavuni, huenda ukaiona mifinyo hiyo.

Mapambo yanakuja baada ya maandishi kukauka, kamwe si kabla. Misahafu ya Siyu ina tabia yake katika hili: rangi chache, nyekundu, nyeusi na manjano, na weupe wa karatasi ulioachwa makusudi kama rangi ya nne. Watu huidharau kwa kuilinganisha na dhahabu na samawi ya Istanbul au Iran, na hapo wanakosea sana. Kupanga ukurasa wa Fatiha kwa rangi tatu usichoshe macho kunahitaji ujuzi mkubwa wa kugawa nafasi. Gawa fremu kwa bikari na rula kwenye karatasi nyingine, chora robo moja tu ya pambo, toboa matundu kwa sindano kufuata mistari, weka juu ya kazi yako na ugonge kwa kifuko cha unga wa makaa. Ukiigeuza mara nne unapata fremu kamili inayolingana. Rangi nyekundu ipate kutoka ngeu, ile ya mafundi seremala, iliyosagwa laini na kuchujwa; manjano kutoka udongo wa manjano. Usitumie bizari wala zafarani, mwanga utazila mapema. Usitafute zingefuri pia, ile rangi nyekundu ya zamani: ina zebaki na vumbi lake ni sumu. Changanya unga wa rangi na maji ya gundi ya mgunga kama ulivyofanya wino, jaza rangi, na mwisho zungushia mstari mwembamba mweusi unaozifunga kingo. Mstari huo ndio unaolifanya pambo lisimame, basi uandae brashi yenye nywele chache na mkono uliopumzika.

Ukikosa kurasa za kuigiza mapambo, tazama milango na mbao za zamani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliandika na kupamba hati za tenzi, na pia alichonga mbao. Mafundi wa pwani walivuka kati ya kazi hizi mbili, na maua na misuko yake ni jamaa.

Dhahabu iache kwa sasa. Karatasi nyembamba za dhahabu husagwa kwa kidole pamoja na asali au gundi kwenye sahani ya kaure kwa saa nyingi, unga huoshwa, hushikishwa kwa jelatini na kusuguliwa kwa akiki. Ni ghali, na kosa moja la jelatini likizidi inabaki kama matope.

Nirudi kwenye msahafu wa babu. Rangi zilizofifia zimeshikwa na gundi inayoyeyuka kwa maji. Brashi yako yenye unyevu itazibeba za zamani badala ya kuongeza mpya. Baadhi ya rangi za manjano za kale zilikuwa na sumu ya zarniki, kwa hiyo usilowanishe kidole kwa mate unapofunua kurasa. Ukiona maandishi yamezungukwa na kivuli cha kahawia na karatasi imeanza kutoboka kwenye herufi, huo ni wino wenye chuma, na unyevu unauchochea ule karatasi zaidi. Usitie selotepu, usilaminishe, usipake mafuta jalada la ngozi. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa kivulini. Ufunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, uweke kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, ukiwa umelala, kwenye rafu ya ndani iliyo mbali na ukuta wa nje na jikoni. Ufungue kila baada ya miezi michache upate hewa, ukiangalia vumbi jipya la wadudu kwenye mgongo wa kitabu. Ukilikuta, tenga msahafu huo na vitabu vingine siku hiyohiyo na utafute mhifadhi wa makumbusho. Usipulize dawa ya mbu.